Filamu ya maisha magumu: imalizike kwa raha mustarehe, kwa msiba, au njia ya kati?

Muswada umefika ukurasa wa 80, mhusika mkuu ameshapigwa na dunia kila upande, na sasa mwandishi na mwelekezi hawaelewani. Mmoja anataka watu watoke ukumbini wakicheka. Mwingine anashikilia kwamba mambo ya mitaa ya Mombasa kama Mtongwe au Majengo hayaishi hivyo, na kuyapaka sukari ni kuwadhihaki wenyewe. Ubishi huu hauepukiki kwenye filamu inayogusa unga (dawa za kulevya), itikadi kali, mimba za utotoni, kuvunjiwa nyumba au kazi za ndani Uarabuni. Hapa yanalinganishwa machaguo matatu, na la nne kwa kifupi, kwa ajili ya mtu ambaye lazima aamue kabla ya siku ya kupiga picha.

Ili yote yapimwe kwa kibaba kimoja, tuchukue kisa kimoja cha kubuni. Mwanaidi wa Mtongwe anamwachia mamake mtoto wa miaka miwili, anakopa pesa za kumlipa wakala, anakwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Tajiri wake anamnyang'anya pasipoti na kumnyima mshahara. Filamu ni ya dakika 90. Imalizikeje?

Vigezo

Cha kwanza ni sababu. Mtazamaji akiulizwa "imekuwaje ikawa hivi?", aweze kutaja tukio la nyuma lililoleta mwisho huo. Kanuni ya kazi ni hii: kitu chochote kitakachofungua fundo la mwisho kionekane angalau mara mbili kabla ya nusu ya filamu, na mara ya kwanza kionekane kama hakina maana.

Cha pili ni wenye jambo lao: aliyeyapitia hayo akikaa kiti cha mbele, atajiona au atajiona ametukanwa? Cha tatu ni mahali pa kuonyeshea, maana mwisho unaosimama vizuri ndani ya sinema ya Nyali unaweza kupotea kabisa kwenye uwanja wa wazi Likoni, ambako upepo unapiga spika na watu wana haraka ya kuwahi feri. Cha nne ni kazi na gharama. Cha tano ni kinachobaki kichwani: mtazamaji atatoka akiamini nini, na kesho yake atafanya nini.

Raha mustarehe: Mwanaidi anarudi na mshahara wake wote, wakala anakamatwa, mama anahamia nyumba ya mawe

*Sababu.* Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na kosa haliko kwenye furaha yenyewe. Liko kwa anayeileta. Mwokozi akiingia dakika ya 80, awe wakili tajiri, mjomba kutoka Dubai au askari mwenye huruma, watazamaji wanauona mkono wa mwandishi. F. W. Murnau alilitania jambo hili mwaka 1924 katika *Der letzte Mann*, kisa cha bawabu wa hoteli anayeshushwa cheo hadi kuhudumu chooni. Filamu inasimama, yanatokea maandishi yanayokiri kwamba katika maisha ya kweli mzee huyu asingekuwa na la kungojea ila kifo, lakini mtunzi amemhurumia. Papo hapo mzee anarithi mali. Kejeli hiyo inafaa mara moja. Ukiirudia leo itaonekana ni uvivu.

Njia nyingine ni kutangaza tangu mwanzo kwamba hii ni ngano. *Slumdog Millionaire* (2008), iliyotunukiwa Oscar 8, inafunguka kwa swali lenye majibu manne juu ya skrini, mojawapo likiwa kwamba yote yameandikwa, na inarudi kwenye jibu hilo mwishoni. Watoto wanateswa, mama anauawa, lakini mtazamaji ameshaambiwa anatazama hadithi ya kudra. Ndiyo maana kijana akishinda mamilioni kisha watu wakacheza ngoma kwenye stesheni ya treni ya Mumbai, hakuna anayedai pesa zake. Ukitaka hivyo, lugha ya ngano isikike ndani ya dakika tano za mwanzo: msimulizi, wimbo, rangi kali, sadfa inayochekesha. Kuanza kwa kamera ya mkononi yenye mtikisiko wa filamu ya hali halisi, kisha kumaliza kwa ngano, ni kuvunja mkataba na mtazamaji.

Kama hutaki ngano, basi ilipie furaha kwa vidokezo. Mama Mwanaidi anaweka nakala ya pasipoti na ya mkataba ndani ya kopo la biskuti dakika ya 12. Dakika ya 30 mjukuu analichezea kopo, karatasi zinamwagika, zinaokotwa. Dakika ya 70 nakala hizo ndizo zinazoshikwa mkononi ofisini. Furaha sasa ina miguu.

*Wenye jambo lao.* Mwanamke aliyerudi mikono mitupu, akimwona Mwanaidi analipwa mpaka senti ya mwisho, anaweza kujiuliza yeye alikosea wapi. Filamu za unga zina dhambi kubwa zaidi: sekunde 40 za picha za harakaharaka, muziki unapanda, na teja wa jana leo amevaa shati jeupe. Mtu anayetibiwa kwa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga, hunywa dozi kila siku mbele ya mhudumu wa afya, kwa miezi au miaka, na kurudia unga katikati ya safari ni jambo la kawaida. Familia ikiaminishwa kwamba arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ya siku chache ndiyo vita yote, itamfukuza kijana wao siku atakapoteleza.

Lakini upande wa pili nao una haki. Watu wa mitaa migumu wamechoka kuonyeshwa kama maiti na ombaomba. Kwa baadhi ya wahusika, kubaki hai na kutumaini ndilo jambo lenye makali. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, ilipopigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya mwaka 2018, mwelekezi mwenyewe alieleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Mahakama Kuu iliiruhusu kuonyeshwa kwa siku 7 tu Septemba mwaka huo. Anayesema furaha ni mwisho wa waoga aanze kwa kulijibu hilo.

*Mahali.* Huu ndio mwisho unaostahimili kelele. Kwenye uwanja wa wazi, baada ya sala ya Isha, wenye watoto mapajani, kumbatio la uwanja wa ndege linasomeka hata spika zikikwaruza.

*Kazi na gharama.* Ni ghali kuliko unavyodhani. Nyumba mpya, karamu, watu wa kujaza tukio ambao lazima wale na wapewe nauli. Na tahadhari moja kwa wanaopenda kufunga kwa machweo: jua la Mombasa linachomoza baharini, halizami humo. Linazama upande wa bara. Ukimwonyesha Mwanaidi ufukweni Nyali akitazama jua likizama kwenye Bahari ya Hindi, ukumbi mzima utaguna. Piga picha hiyo alfajiri, au hamia Tudor upande wa mkono wa bahari, na ujue kwamba karibu na ikweta mwanga wa jioni ni mfupi: panga shoti zako muhimu ndani ya nusu saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, kisha usitegemee tena.

*Kinachobaki.* Nguvu, na hatari. Msichana wa miaka 20 anaweza kutoka akiamini "ukivumilia utatoka", kesho akaenda kwa wakala. Kama filamu imelipiwa ili ionye, mwisho huu unaweza kuipiga teke kazi yenyewe.

Msiba: Mwanaidi harudi

*Sababu.* Kifo ni rahisi kuandika kuliko furaha, ndiyo maana kinatumiwa ovyo. Kumuua mhusika hakuthibitishi kwamba umesema kweli. Gari linalomgonga Mwanaidi dakika ya 85 halina tofauti na yule mjomba wa Dubai. Yote mawili ni sadfa. Msiba uliosimama una mnyororo: hakusoma mkataba, mkataba ulikuwa Kiarabu, wakala alibadilisha namba ya simu, mama alidhani kimya ni shughuli nyingi, jirani alipiga ripoti akaambiwa angoje. Ondoa kiungo kimoja cha mnyororo huo na Mwanaidi angepona. Mtazamaji lazima akione kile kiungo.

Na uwe mwangalifu na sanduku kwenye Uwanja wa Ndege wa Moi. Kusafirisha mwili kutoka nje ni karatasi nyingi, pesa nyingi na kungoja, na familia ya Kiislamu inaweza kukubali mwanawe azikwe hukohuko. Kinachobaki Mtongwe ni swala ya ghaibu: safu za watu zinasimama kumswalia asiyekuwepo. Kwa kamera, hilo ni zito kuliko sanduku lolote, nalo ni la hapa.

*Wenye jambo lao.* Kama kisa kimetokana na familia halisi, mwonyeshe mwenye msiba mwisho huo faraghani kabla ya umma, na ukubali kwamba anaweza kukataa. Usitumie picha zilizozagaa za marehemu. Ikiwa mhusika anajiua, usionyeshe njia wala chombo, wala usikifanye kifo kionekane ndiyo suluhisho; Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa jambo hili kwa watu wa filamu na jukwaa mwaka 2019. Leo kuna sababu ya ziada ya kuuzingatia: kipande cha sekunde 30 za mwisho kitakatwa na kusambazwa WhatsApp bila dakika 89 zilizotangulia.

*Mahali.* Ukumbini penye giza na utulivu, unafanya kazi. Uwanjani, ukimya wa sekunde 20 unajazwa na honi za matatu na kicheko cha mtu wa nyuma. Kumbuka pia daraja. Bodi ya filamu hupanga filamu kama GE (watu wote), PG (watoto kwa mwongozo wa wazazi), 16 au 18 (umri wa chini wa mtazamaji), na tukio moja la ukatili lililorefushwa linaweza kuipandisha filamu hadi 16 na kukufungia milango ya shule za msingi, ambazo pengine ndizo ulizozilenga.

*Kazi na gharama.* Nafuu: chumba kimoja, mkeka, simu inayoita bila kupokelewa. Mzigo unahamia kwa mwigizaji. Kilio cha dakika tatu kinamchosha mtazamaji. Baada ya sekunde 30 hivi anaanza kumtazama mwigizaji badala ya mama. Rudisha kamera nyuma, piga kutoka mlangoni, acha mgongo ufanye kazi. Sauti za msibani zirekodiwe peke yake, dakika mbili au tatu za chumba kitupu na minong'ono, ili mhariri asikimbilie kinanda.

*Kinachobaki.* Hofu, ambayo hupoa upesi kama hakuna mahali pa kuipeleka. Na aliye ndani ya tatizo sasa hivi, mwenye dada yuko Riyadh, anaweza kusoma kwamba hakuna mlango.

Msiba unamfaa anayetaka kushtaki mfumo mbele ya watu wenye uwezo wa kuubadilisha: wabunge, wanasheria, wanahabari. Wao hawahitaji kubembelezwa.

Njia ya kati: Mwanaidi anarudi na pasipoti, bila mshahara, na mtoto anajificha nyuma ya bibi yake

*Sababu.* Kanuni yake ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Mhusika ashinde jambo moja lililo mikononi mwake, apoteze jingine, na mfumo ubaki ulivyo. Vittorio De Sica aliufunga hivyo *Ladri di biciclette* mwaka 1948: baba hapati baiskeli yake, anajaribu kuiba nyingine, anashikwa, anaachiliwa kwa aibu, na mwanawe anamshika mkono wakipotea ndani ya umati. Hakuna kilichotatuliwa, ila ule mkono. Likarion Wainaina alifanya jambo la jamaa moja na hilo katika *Supa Modo* (2018). Maradhi ya mtoto hayaponi, na filamu haidanganyi kuhusu hilo. Ushindi umewekwa mahali pengine, kwenye sinema ya shujaa ambayo kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea.

Kwa watengenezaji wa filamu za hali halisi, njia hii huja na swali la kalenda. Chukua kesi ya sumu ya madini ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kata filamu 2020, una raha mustarehe. Kata 2023, una msiba. Watu ni walewale na damu ni ileile. Anayekata 2020 akiwa anajua ya 2023 amechagua kuficha. Anayekata 2024 bila kuuliza kama pesa zimefika mikononi, naye bado hajamaliza kazi. Kadi ya maandishi mwishoni husaidia hapa: mistari miwili, mitatu ikizidi, ikae kwenye skrini muda wa kutosha kusomwa kwa sauti mara mbili.

*Wenye jambo lao.* Kwa kawaida wao ndio huutambua mwisho huu haraka. Aliyerudi kutoka Uarabuni hatasema "si kweli" akimwona mtoto anajificha. Deni la wakala nalo lisisahauliwe. Liwe limekaa barazani, na daftari.

*Mahali.* Unategemea mambo madogo, na mambo madogo hayaonekani kwenye kitambaa kilichopigwa na taa ya barabarani. Tendo la mwisho liwe la mwili mzima, si la jicho. Mtoto anayerudi nyuma hatua tatu anaonekana Kongowea; mtoto anayebadilisha mtazamo haonekani.

*Kazi na gharama.* Mahali ni rahisi kupata, maandishi ndiyo ghali. Tukio hili litaandikwa upya mara nyingi kuliko mengine yote, na mtoto, ambaye sasa amefika miaka minne, hafuati maelekezo: tenga asubuhi nzima kwa shoti hiyo moja, kamera mbili kama zipo.

*Kinachobaki.* Mazungumzo. Barazani watasema "lakini haijaisha", na hapo utajua kama walikuwa wanalalamika au wanaendelea kufikiri.

Inapoharibika, huharibika kwa unafiki. Imekuwa desturi ya filamu zinazotafuta matamasha kufunga kwa tabasamu dogo la mtoto na kuliita hilo matumaini. Kama tabasamu halina sababu ndani ya kisa, ni raha mustarehe iliyopunguzwa bajeti.

Na mwisho wa wazi?

Kukata kabla jibu halijajulikana, ndege ikiwa bado angani, hakufai mtu ambaye hajui jibu mwenyewe. Wasiwasi wake utaonekana. Unafaa pale ambapo kuna mtu wa kupokea swali. *Watatu* (2015), ya shirika la S.A.F.E. Kenya kuhusu kijana wa Mombasa anayevutwa kwenye itikadi kali, ililifanya hilo waziwazi: mchezo unaonyeshwa mbele ya umma, kisha watazamaji wanaingia kujaribu kubadilisha kilichotokea. Bila mwendesha mjadala anayejua kazi yake, na angalau nusu saa ya kukaa baada ya taa kuwaka, usijaribu.

Kupima kabla ya kuamua

Andika miisho miwili kamili, kila mmoja kurasa tatu hadi tano. Ukurasa mmoja ni takriban dakika moja. Chagua mahali pamoja panapofaa yote miwili ili uipige siku moja. Mwanaidi akirudi au asirudi, baraza la mama ni lilelile. Hariri yote miwili bila muziki kwanza. Mwisho usiosimama bila muziki una tatizo la muswada, si la sauti.

Kisha ita watu kumi na wawili hivi, nusu yao wawe wameguswa na jambo lenyewe, nusu wasijue lolote, na jamaa zako wasiwemo. Nusu waone mwisho mmoja, nusu wa pili. Kabla hawajaongea, kila mmoja aandike au akuambie pembeni majibu ya maswali mawili: imekuwaje ikawa hivi, na ungemwambia nini mtu aliye kwenye hali hiyo. Usiulize kama wameipenda. Watu wa Mombasa ni waungwana, watakwambia mashallah. Majibu ya swali la kwanza yakitaja bahati, rudi kwenye vidokezo. Ya swali la pili yakiwa "hakuna la kufanya", au "atavumilia tu", unajua mwisho wako umeelemea wapi.

Kwa hali yako

Filamu ya kifamilia, ya kulipia tikiti, isiyotokana na mtu mmoja halisi: raha mustarehe inaruhusiwa, mradi ngano itangazwe mapema au vidokezo vilipwe. Filamu iliyoagizwa na shirika la kampeni kuhusu mawakala au unga: njia ya kati, na namba ya msaada iliyohakikiwa wiki hiyohiyo, si ya mwaka jana. Filamu fupi ya dakika 10 hadi 15 haina nafasi ya kulipia furaha kubwa. Ushindi mmoja mdogo au msiba wenye kiungo kimoja kinachoonekana vinatosha. Filamu ya kuonyeshwa kwa watunga sheria: msiba, na mtu wa kujibu maswali. Filamu ya watoto wa shule: usiwaache kwenye kifo, wala usiwadanganye kwamba hakuna anayekufa.

Kama wahusika ni watu halisi walio hai na kesi bado iko mahakamani, pigeni tukio la mwisho mara ya mwisho kabisa, acheni nafasi ya dakika tatu kwenye uhariri, na mwambieni mfadhili tangu siku ya mkataba kwamba tarehe ya kumaliza haiko mikononi mwenu.